UZI: Kupima sayari ya nyota nyingine kwa darubini ya sentimita 8, hatua kwa hatua na pale panapoharibika

Mkokotoa_Nyota

Wakuu, uzi huu ni wa kazi moja: kushika mpito (kupita mbele ya nyota yake) wa sayari-nje, yaani sayari inayozunguka nyota isiyo jua letu, kwa vifaa vidogo, na kutoka na namba inayoaminika. Sayari yenyewe hamtaiona. Mtakachokiona ni nyota ikififia kwa sehemu mbili na ushee kwa mia, ikakaa hivyo kwa muda, kisha ikarudi ilivyokuwa, yote ndani ya saa mbili hivi.

Anayedhani kazi hii ni ya darubini za mlimani tu akumbuke mwaka 1999. Mpito wa kwanza kabisa kupimwa, ule wa sayari HD 209458 b, David Charbonneau na wenzake waliunasa kwa darubini ya sentimita 10. Greg Henry naye aliupima kivyake kwa darubini ya sentimita 80. Miaka minne nyuma yake, wanaastronomia Mayor na Queloz walikuwa wameigundua sayari 51 Pegasi b kwa kuyumba kwa nyota yake, na hilo lilihitaji spektrografu (kifaa cha kutawanya mwanga katika rangi zake) ya hali ya juu. Mpito hautaki spektrografu. Unataka uvumilivu na picha safi.

Nyota ya kuanzia ni HD 189733, katika kundinyota la Vulpecula. Sababu ni tatu. Inang'aa, magnitudi 7.7 (kipimo cha mwanga wa nyota; namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi). Mpito wake ni mzito, karibu 2.4%, kwa sababu nyota ni ndogo kuliko jua ilhali sayari ni kubwa kuliko Mshtarii. Na ni rahisi kuipata: tafuta nebula ya M27, nyota yetu iko pembeni yake, chini ya nusu digrii. Mzingo mmoja ni siku 2.2186 na mpito wenyewe ni saa 1.8.

Vifaa: darubini ya lenzi ya sentimita 8 au zaidi, kitako cha ikweta chenye mota kinachofuata nyota, kamera ya rangi moja, na ikiwa na kipozeo ni bora, filta nyekundu, kompyuta yenye saa iliyosawazishwa kwa intaneti. Programu ya AstroImageJ ni ya bure na inamaliza kazi yote ya upimaji. HOPS nayo ni ya bure na nyepesi zaidi kwa anayeanza.

Usiku wa kazi anza kupiga picha saa nzima kabla ya mpito na usiache mpaka saa nzima ipite baada yake. Hapa ndipo wengi wanajikata wenyewe. Bila mwanga wa kabla na wa baada huna usawa wa kupimia kina, na grafu yenye upande mmoja inaweza kukupa kina chochote unachotaka. Kwa hiyo hesabu usiku wa saa nne kamili.

Muda wa kila picha uwe sekunde 30 hadi 60. Angalia pikseli inayong'aa kuliko zote ndani ya nyota: kama kamera inafika 65,535, usiruhusu ipite 35,000 hivi. Ikikaribia juu kabisa sensa huacha kupanda sawia na mwanga, na mpito wako unabanwa bila wewe kujua. Nyota ya magnitudi 7.7 itafika huko upesi, kwa hiyo toa fokasi makusudi mpaka nyota iwe kisahani cha pikseli 10 hadi 20.

Kabla ya kulala piga picha za sifuri 30 (kifuniko kikiwa mdomoni, muda mfupi kabisa), picha za giza 30 (kifuniko kikiwa mdomoni, muda ule ule na joto lile lile la sensa), na picha za mwanga sawa 30 (za uso unaong'aa sawasawa kote), zikifika karibu nusu ya uwezo wa kamera. Hizo za mwanga sawa usiguse fokasi wala kuzungusha kamera kabla ya kuzipiga, la sivyo vivuli vya vumbi vitakuwa vimehama na utasahihisha kosa ambalo halipo huku ukiacha lililopo.

PeteZaZohali

Mkuu umesema vizuri. Hapo kwenye fokasi niongeze sababu ya pili, maana watu hudhani ni kukwepa pikseli kujaa tu.

Kila pikseli ina usikivu wake. Nyota iliyokaa kwenye pikseli nne, ikisogea nusu pikseli tu kwa sababu ya kitako kuyumba, mwanga wake unahamia kwenye pikseli zenye usikivu tofauti, na hapo unapata kupanda na kushuka kwa 1% ambako hakuna uhusiano wowote na sayari. Ukiutandaza mwanga kwenye pikseli 200 tofauti hizo zinafutana. Lakini usizidishe. Kisahani kikiwa kikubwa mno kinachukua mwanga wa anga pamoja na nyota za jirani, na kelele inarudi kwa mlango mwingine.

HD 189733 ina mwenzake hafifu, kibete chekundu umbali wa sekunde 11 za tao hivi (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii). Duara la kupimia, lile ambalo programu inajumlisha mwanga ulio ndani yake, limweke ndani usiku mzima au nje usiku mzima. Akiingia na kutoka kadiri hewa inavyotikisika utapata mawimbi madogo.

Lenzi200

Wakuu habari. Kama mtu hana darubini ila ana kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, na lenzi ya milimita 200, inawezekana au apite mbali?

Mkokotoa_Nyota

Inawezekana ndugu, na kwa nyota hii una faida moja ambayo mwenye darubini hana. Nyota za magnitudi 7 na 8 si nyingi angani. Darubini ndefu inaweza kukuonyesha HD 189733 ikiwa peke yake katikati ya vinyota hafifu, na huna cha kulinganishia, yaani nyota isiyobadilika ambayo unagawanya mwanga wa nyota yako kwa mwanga wake ili kuondoa athari za hewa. Lenzi ya milimita 200 inakupa digrii kadhaa za anga, kwa hiyo utapata nyota za kulinganishia zenye mwanga unaokaribiana nayo.

Masharti: piga faili ghafi, kamwe si JPEG, kwa sababu JPEG inapinda uwiano wa mwanga kabla hata hujaanza. Zima kazi zote za kamera za kuondoa kelele. ISO iwe ya chini, 200 inatosha. Fokasi itolewe, kisha bandika pete ya lenzi kwa utepe wa karatasi wenye gundi isizunguke kwa uzito wake. Kwenye kompyuta tenganisha pikseli za kijani utumie hizo peke yake. Ukichanganya rangi tatu unachanganya tabia tatu za hewa. Kitako chenye mota bado unakihitaji, hata kile kidogo cha kusafiria.

Usitegemee nukta moja moja zipendeze. Punguza kelele kwa wingi: unganisha picha kumi kumi kwenye wastani, na bonde litajitokeza.

Utosi90

Naomba tuweke namba kwenye kelele, ili mtu ajue nini kinawezekana kabla hajatoka nje.

Kelele ya kwanza ni ya hesabu ya mwanga wenyewe. Ukikusanya elektroni 100,000 kutoka kwa nyota, kosa ni kipeuo cha pili chake, 316, yaani 0.3%. Ukikusanya 1,000,000, kosa ni 0.1%. Hii inahusu pia nyota ya kulinganishia: ikiwa hafifu mara kumi kuliko nyota yako, kosa lake ndilo linalotawala.

Kelele ya pili ni kumetameta kwa nyota kunakoletwa na hewa inayotikisika. Kwa darubini ya sentimita 8, picha ya sekunde 60, nyota ikiwa karibu na utosi, kumetameta kunaleta karibu 0.2%. Kwa sekunde 10 inakuwa 0.5%. Nyota ile ile ikishuka hadi digrii 30 juu ya upeo wa macho, ambako mwanga unapita unene wa hewa mara mbili, picha ya sekunde 60 inakuwa na 0.7%. Ndiyo maana nasema chini ya digrii 30 usihangaike.

Sasa tuseme jumla ya kelele ni 0.4% kwa picha. Mpito wa saa 1.8 unakupa picha kama 100. Gawanya 0.4 kwa kipeuo cha pili cha 100, unapata 0.04%. Kina cha 2.4% kinapimwa hapo bila wasiwasi. Mshtarii akipita mbele ya jua letu angepunguza 1%, bado unaweza. Dunia ingepunguza 0.0084%, na hapo hakuna darubini ya uani itakayosaidia. Kazi hiyo ilipelekwa angani, kwa darubini za Kepler iliyorushwa 2009 na TESS iliyorushwa 2018.

PeteZaZohali

Kuna kelele ya tatu ambayo namba hizo hazionyeshi: ile isiyopungua kwa kuunganisha picha. Wingu jembamba, umande kwenye lenzi, kitako kinachoteleza. Hizo haziendi kwa kipeuo cha pili cha kitu chochote. Ukiunganisha picha 100 zenye kosa linaloelekea upande mmoja unapata kosa lile lile, ila sasa linaonekana safi na linadanganya.

NyotaNne

Kuhusu nyota za kulinganishia, kuna watu wanatupia kumi na tano kwa imani kwamba wingi utasafisha. Sikubaliani. Mbili au tatu nzuri zinashinda kumi na tano za hovyo.

Nzuri maana yake: mwanga unaokaribiana na wa nyota yako, rangi inayokaribiana, na haibadiliki. Rangi ndiyo inayosahauliwa. HD 189733 ni nyota ya rangi ya machungwa, ya aina ya K. Hewa inameza bluu kuliko nyekundu. Ukiilinganisha na nyota ya bluu, kadiri zote mbili zinavyoshuka ile ya bluu inafifia haraka zaidi, na grafu yako inapanda taratibu kama mteremko uliogeuzwa. Mtu anaweza kuapa nyota yake inazidi kung'aa. Filta nyekundu inapunguza tatizo hili sana, na hiyo ndiyo sababu yake ya kwanza kuwa kwenye orodha ya vifaa.

Zipime na zenyewe kwa zenyewe: A kwa B, B kwa C, A kwa C. Mistari yote iwe bapa. Unaopinda una nyota mbovu ndani yake, itoe.

Utosi90

Nakubali kwa nyota angavu kama hii. Kwa nyota za magnitudi 12, kama WASP-43, wingi unasaidia kwa sababu kila nyota ya kulinganishia ina kelele yake ya mwanga. Huko tano au sita zina maana, mradi kila moja ipite mtihani uliousema.

NyotaNne

Hapo tuko pamoja.

GrafuNgazi

Wakuu naomba msaada wa kusoma grafu. Nyota ni HD 189733, darubini sentimita 20, sekunde 30, filta nyekundu. Mstari uko bapa dakika 50, kisha unashuka taratibu kama inavyotakiwa. Katikati ya bonde kuna ngazi: nukta zote zinaruka juu 0.8% kwa mara moja na kuendelea na umbo lao zikiwa huko juu. Mwisho wa mpito mstari uko juu kuliko ulivyoanza. Doa la nyota?

Mkokotoa_Nyota

Si doa. Sayari ikipita juu ya doa jeusi, mwanga unapanda kidogo kama kinundu na kurudi chini. Nyota hii ina madoa mengi kwelikweli, kwa hiyo swali ni halali, lakini kinundu kinarudi na ngazi hairudi. Saa ya ngazi inalingana na nyota kuvuka katikati ya anga?

GrafuNgazi

Ndiyo. Kitako kiligeuza darubini upande wa pili dakika hiyo hiyo.

Mkokotoa_Nyota

Basi jibu ni hilo. Baada ya kugeuka picha imezunguka digrii 180, kila nyota imeangukia pembe nyingine ya sensa, na picha zako za mwanga sawa hazikusahihisha vizuri tofauti za pembe hizo. 0.8% ni nyingi, kwa hiyo nashuku picha za mwanga sawa zenyewe: zilipigwa fokasi ikiwa tofauti, au mwanga uliingia pembeni.

Dawa ya sasa: AstroImageJ ina sehemu ya kuweka saa ya kugeuka, nayo inalinganisha pande mbili kwa kupandisha au kushusha upande mmoja. Inafaa hapa kwa sababu una mstari bapa kabla na baada. Dawa ya kudumu: chagua usiku ambao kugeuka kunaangukia nje ya mpito, au geuza mapema kabla hujaanza kama kitako chako kinaruhusu darubini kuvuka kidogo bila kugonga miguu.

PeteZaZohali

Na baada ya kugeuka rudisha nyota kwenye pikseli zile zile kadiri uwezavyo. Weka alama kwenye skrini tangu picha ya kwanza. Usiku mzima nyota isitembee zaidi ya pikseli chache. Kamera ya kuongozea inalipa gharama yake hapa kuliko popote.

Saa_Sita

Bado hamjagusa saa, na saa ndiyo roho ya kipimo hiki.

Kwanza, andikeni kila kitu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwa tarakimu za saa 24. Kiswahili chetu kinasema saa mbili usiku ilhali kompyuta inaandika 20:00, na ratiba ya mpito ikisema 02:00 inamaanisha saa nane usiku ya UTC, si saa mbili. Kosa la saa sita linakukosesha mpito wote.

Pili, sawazisha saa ya kompyuta kabla ya kuanza na tena katikati. Saa za kompyuta huteleza. Lengo ni kosa lisizidi sekunde moja. Hakikisha pia programu ya kamera inaandika mwanzo wa picha au katikati, ujue ni kipi. Kwa picha za sekunde 60 tofauti ni sekunde 30.

Tatu, badilisha kwenda BJD-TDB. Dunia inazunguka jua, kwa hiyo mwanga wa nyota unatufikia mapema au kwa kuchelewa kulingana na mwezi wa mwaka, hadi dakika 8 na ushee kila upande kwa nyota iliyo karibu na njia ya jua angani. BJD inapeleka saa kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa jua. TDB nayo kwa sasa iko mbele ya UTC kwa sekunde 69 hivi. Anayetuma vipimo vya UTC tupu kwenye hifadhi ya pamoja anatengeneza mabadiliko ya mzingo ambayo hayapo.

Lenzi200

Nimeelewa. Kwa hiyo saa ina thamani kuliko kina?

Saa_Sita

Kwa sayari zinazojulikana, ndiyo. Fanya hesabu: mzingo una kosa la siku 0.000005, ambalo ni chini ya nusu sekunde. Linaonekana si kitu. Baada ya mizingo 1,000 limekua hadi dakika 7. Darubini kubwa ya angani inayopangiwa muda kwa saa inahitaji kujua mpito unaanza lini hasa. Mradi wa ExoClock unakusanya vipimo vya darubini ndogo kwa ajili ya chombo cha Ariel cha ESA, ambacho kitachunguza hewa za sayari hizi. Ukiweza kupata katikati ya mpito kwa kosa la dakika moja au mbili, kipimo chako kinaingia.

Na kuna sayari ambazo saa zao zinasogea kweli. WASP-12 b inazunguka nyota yake kwa siku 1.09 na inazidi kuikaribia. Mzingo unapungua kwa kama milisekunde 29 kwa mwaka. Milisekunde hizo zinajumlika: katika miaka 10 mpito unatangulia kwa kama dakika 8 ukilinganisha na ratiba ya mzingo usiobadilika. Dakika 8 zinaonekana kwa darubini ya sentimita 20.

NyotaNne

Kwa anayetaka kutoa ukubwa wa sayari kwenye grafu yake, hesabu ni fupi. Kina ni uwiano wa maeneo ya visahani viwili. Kipeuo cha pili cha 0.024 ni 0.155, kwa hiyo sayari ina 15.5% ya nusu-kipenyo cha nyota. Nyota ina 0.78 ya jua, na jua ni mara 9.73 ya Mshtarii. Zidisha: 0.155 × 0.78 × 9.73 = 1.18 ya Mshtarii. Vipimo makini viko kama 1.13, kwa hiyo uko karibu. Tofauti inatokana kwa sehemu na ukingo wa nyota kuwa hafifu kuliko katikati yake, jambo ambalo pia linafanya chini ya bonde kuwe kama bakuli badala ya kuwa bapa. Programu inalishughulikia ukiipa joto la nyota na filta uliyotumia.

Umbali nao unatoka kwa kanuni ya tatu ya Kepler. Uzito wa nyota 0.8 ya jua, mzingo 2.2186 ÷ 365.25 = miaka 0.00607. Mraba wake mara 0.8, kisha kipeuo cha tatu: 0.031 ya umbali wa dunia na jua. Uzito wa sayari usiutafute hapa; grafu ya mwanga haina habari hiyo, inatoka kwenye kuyumba kwa nyota tu.

GrafuNgazi

Nimerekebisha ngazi, kina kimetoka 2.5%. Swali la ratiba: nikikosa usiku mmoja kwa mawingu, nasubiri hadi lini?

Utosi90

Mizingo 9 ya HD 189733 b ni siku 19.967. Maana yake kila baada ya siku 20 mpito unarudi, ukitangulia kwa dakika 47. Ukishika mmoja saa 5 usiku, unaofuata wa mfuatano huo ni saa 4 na dakika 13. Katikati yake kuna mizingo 5, siku 11 na saa 2 na robo, ambayo nayo inaweza kukuangukia usiku. Kwa HD 209458 b ni rahisi zaidi kukumbuka: mizingo miwili ni wiki moja na saa 1 na dakika 11. Mpito wake ni wa saa 3 na kina 1.5%, kwa hiyo usiku unakuwa mrefu.

Mkokotoa_Nyota

La mwisho kwa wanaotaka kupanda ngazi: kuthibitisha sayari ambazo bado ni watuhumiwa. Pikseli moja ya TESS inafunika sekunde 21 za tao, kwa hiyo nyota kadhaa zinaanguka humo. Chukua nyota ya magnitudi 11 inayoonyesha bonde la 1%. Jirani yake wa magnitudi 15 ni hafifu mara 40, anachangia 2.5% ya mwanga. Jirani huyo akiwa nyota mbili zinazozibana na kupoteza 40% ya mwanga wake, TESS itaona 1% ile ile na kompyuta itaandika sayari.

Darubini ya sentimita 20 yenye pikseli ya sekunde moja ya tao inawatenganisha. Kazi yako usiku huo ni kupima kila jirani ndani ya dakika mbili na nusu za tao, na kusema bonde liko kwa nani. Kisha angalia umbo: bonde lenye ncha kama herufi V linatia shaka. Rudia kwa filta ya bluu na nyekundu. Sayari inatoa kina kinachokaribiana, nyota mwenza mwenye mwanga wake mwenyewe hutoa vina viwili tofauti. Linganisha pia mabonde ya namba witiri na shufwa. Yakitofautiana kina, zinazopishana pale ni nyota mbili, na mzingo wa kweli ni mara mbili ya ulioandikwa.